Je, Wajua? Ndugu wengi wakipanda zao jipya, wewe huenda ukasita

Wakulima wa jimbo la Zambezia, kaskazini mwa Msumbiji, waliwahi kuletewa alizeti kama zao jipya la biashara. Wachumi Oriana Bandiera na Imran Rasul walichunguza nani alikubali kuipanda, wakachapisha matokeo mwaka 2006.

Mtu angedhani kwamba kadiri ndugu na marafiki waliopanda zao hilo wanavyoongezeka, ndivyo mkulima anavyoshawishika. Mwanzoni ni kweli: wenzake wachache wakipanda, naye huvutiwa kujaribu. Lakini wakishakuwa wengi, hamu yake hupungua! Maelezo ya wataalamu hao yana ujanja wa kijijini ndani yake: ikiwa shemeji na binamu wote wameshapanda, ya nini kuhatarisha shamba lako msimu huu? Wasubiri wavune, ujifunze bure. Waliokuwa na taarifa bora kuhusu zao hilo jipya hawakuyumbishwa sana na wenzao. Na kati ya watu wa dini tofauti, uamuzi wa mmoja haukuonekana kuhusiana kabisa na wa mwingine.

Mkulima kuathiriwa na wenzake si jambo la Afrika pekee. Huko Iowa, Marekani, utafiti wa Bryce Ryan na Neal Gross wa mwaka 1943 uliwahusu wakulima 259 na mbegu chotara za mahindi. Wengi walizisikia kwanza kwa wauzaji, ila waliowashawishi hasa ni majirani. Hadi 1941, wote walikuwa wamezikubali isipokuwa wawili.