Intaneti ya nyumbani inaenda polepole? Soma namba za modemu mbele ya kununua ingine

Bukavu. Kwa mwezi moja tu, kwetu nyumbani tulinunua forfe mara mbili. Modemu ilikuwa inawaka taa zote, telefone ilikuwa inaonyesha wifi imejaa, lakini mutoto hakuweza kufungua hata ukurasa moja wa masomo. Fundi wa kwanza alisema modemu imekufa, tununue ingine. Wa pili alisema shida ni kampani. Hakuna kati yao mwenye aliangalia namba hata moja. Siku tulizisoma sisi wenyewe, tuliona kama modemu ilikuwa nzima. Ilikuwa tu imewekwa mahali pabaya.

Basi namba hizo ni nini, na mutu asiyekuwa fundi anaweza kuzisoma namna gani?

Wifi na rezo si kitu kimoja

Modemu ya 4G inafanya kazi mbili. Inapokea mawimbi kutoka kwa munara wa kampani, kisha inagawanya intaneti ndani ya nyumba kwa njia ya wifi. Ile alama ya wifi kwenye telefone yako inaonyesha tu njia fupi, kati ya telefone na modemu. Haisemi kitu juu ya njia ndefu, kati ya modemu na munara. Ndiyo maana alama inaweza kujaa na intaneti isifike.

Katika ile njia ndefu, signali inapungua. Umbali unaipunguza, kilima kinaikata, ukuta wa matofali unaikula. Mabati ndiyo adui mukubwa, sababu chuma kinarudisha mawimbi nyuma. Hapa Bukavu, mutu anaweza kukaa karibu na munara na akose rezo, kwa kuwa nyumba yake iko nyuma ya kilima. Mvua tunaisingiziaka bure: kwa 4G ya kawaida, haipunguzi signali sana.

Namna ya kufikia namba

Geuza modemu, angalia karatasi iliyobandikwa chini. Kuko adresi, mara nyingi 192.168.8.1, 192.168.1.1 ao 192.168.0.1, pamoja na neno la siri. Chukua telefone iliyo kwenye wifi ya modemu hiyo, andika adresi pale unaandikaka adresi za intaneti. Haikuli mega zako, sababu hautoki nje ya nyumba. Ukisha kuingia, tafuta ukurasa wenye kuonyesha hali ya modemu ao hali ya rezo. Usibadilishe kitu. Soma tu mistari miwili: RSRP na SINR.

RSRP: nguvu ya signali

Namba hii iko na alama ya kutoa mbele yake, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Uifikirie kama deni. Mwenye deni ya 80 ana hali nzuri kuliko mwenye deni ya 110. Kadiri namba inakaribia sifuri, ndivyo signali ina nguvu.

- Kutoka -80 kwenda karibu na sifuri: nzuri sana.
- Kati ya -80 na -90: nzuri.
- Kati ya -90 na -100: ya katikati, intaneti inatembea.
- Kati ya -100 na -110: zaifu.
- Kupita -110, kwenda -120: itakatika-katika.

Hii inapimwa kwa desibeli, na desibeli hazihesabiwi kama kilo za muhogo. Ukipoteza desibeli 3, umepoteza nusu ya nguvu. Ukipoteza 10, inabaki sehemu moja tu juu ya kumi. Ukipoteza 20, inabaki moja juu ya mia.

Kwetu, modemu ilikuwa kwenye kona ya salon, karibu na jiko la mabati: ilionyesha -112. Tuliipeleka kwenye dirisha lenye kuangalia upande wa munara: -97. Tofauti ni 15 tu, lakini kwa nguvu ni zaidi ya mara 30. Hatukutoa hata franka moja.

SINR: usafi wa signali

Mutu anaweza kusema kwa nguvu, lakini kama muko katikati ya soko ya Kadutu, hutamusikia vizuri. Nguvu ya sauti yake ndiyo RSRP. Kusikilika kwake katikati ya makelele ndiyo SINR. Hapa namba kubwa ndiyo nzuri: kupita 20 ni nzuri sana, kati ya 13 na 20 ni nzuri, kati ya 0 na 13 ni ya katikati, na chini ya sifuri ni mbaya.

Namba zinasema nini?

Kama RSRP ni zaifu, shida iko kwenye njia kati ya munara na nyumba yako. Jaribu madirisha yote, weka modemu juu, mbali na mabati na frigo. Ikikataa, na kama modemu yako iko na pahali pa kuchomeka antena, antena ya nje inaweza kusaidia. Lakini angalia waya: waya murefu na mwembamba unakula nguvu ile ile antena imeleta.

Kama RSRP ni nzuri na SINR ni mbaya, modemu inasikia minara mingi kwa wakati moja. Ihamishe upande mwingine wa nyumba, ili ukuta uzuie makelele ya minara ingine.

Kama zote mbili ni nzuri, lakini intaneti inalala saa mbili ya usiku na kuamuka alfajiri, basi watu wengi wako juu ya munara moja. Hapo modemu mupya haitasaidia. Antena pia haitasaidia. Hiyo ni kazi ya kampani.

Na wale wenye fibre optike nyumbani? Wao wanasoma nguvu ya mwangaza unaofika. Mara nyingi inapashwa kuwa kati ya -8 na -27. Ikipita -27 kwenda -30, kuko waya uliokunjwa vibaya, uchafu ao kiungo kibovu.

Andika kwenye karatasi

Namba zinapanda na kushuka kidogo kila wakati. Kwa hiyo ukisha kuhamisha modemu, ngoja dakika mbili mbele ya kusoma. Pima mahali patatu, asubuhi, muchana na usiku, na uandike yote.

Fundi akikuja, mwonyeshe ile karatasi. Mwambie asome namba mbele ya kazi, na azisome tena kisha kazi, wewe ukiangalia. Kama hazikubadilika, muulize unamulipa juu ya nini.