Fimbo ya Kurudi Nayo: Hulk, Fisi wa Ayeeyo na Hasira Zetu Garissa

Warya, mimi Hulk nilimjua kabla nicheki muvi hata moja. Nilikuwa kadogo, stima zimepotea mtaani, na ayeeyo, nyanya yangu, alikuwa ametandika mkeka nje ju ndani ya hao kulikuwa na joto ka tanuri. Hapo ndio alitupigia stori ya Qori Ismaris. Huyo ni msee wa kawaida. Mchana anadishi na nyinyi, anawasalimia poa, anauliza ngamia wako aje. Jua ikizama anatoa fimbo yake, anajisugua nayo, anageuka fisi. Usiku mzima anawinda. Kabla kuche anajisugua tena na ile fimbo, anarudi mtu. Jina yenyewe kwa Kisomali inasema hivyo tu: mwenye hujisugua na kijiti.

Nikamuuliza, "Ayeeyo, na akipoteza hiyo fimbo?"

Akasema, "Basi, atabaki fisi."

Hiyo jibu ilininyima usingizi. Ukikulia pande zetu, fisi humjui kwa kitabu. Usiku ukitulia unamskia akilia huko nyuma ya maboma.

Miaka zikapita. Siku moja niko na mbogi kwa video ya mtaa, tumebanana kwa benchi, feni moja inazungusha hewa moto, na muvi imetafsiriwa ile design DJ Afro alizoesha Kenya nzima. Ilikuwa The Incredible Hulk ya 2008. Edward Norton ndiye Bruce Banner, mwanasayansi mpole, na kwa mkono amevaa saa ya kupima moyo. Mapigo yakipanda hadi 200, Banner ameisha, zimwi la kijani limefika. Wasee wakapiga nduru. Mimi nikanyamaza tu. Kwa roho nilikuwa nasema: maze, huyu si ni Qori Ismaris?

Mzee wa kijivu

Nikaanza kumfuatilia. Hulk alizaliwa Mei 1962 kwa kitabu cha katuni cha Marvel. Stan Lee ndiye aliandika, Jack Kirby ndiye alichora. Lee mwenyewe alisema alichota kwa stori za Frankenstein na Dr Jekyll na Mr Hyde. Toleo la kwanza Hulk alikuwa kijivu, lakini mashine za kuchapa zilishindwa kushika hiyo rangi, leo imekolea, kesho imepauka. Toleo la pili wakamfanya kijani, na hiyo ndio rangi anajulikana nayo hadi leo.

Lakini kenye kilinishika ni hii: kwa lile toleo la kwanza, Banner alikuwa anageuka jua ikizama. Ile mambo ya kugeuka akishikwa na hasira ilikuja baadaye. Yaani msee wa Marekani na ayeeyo wangu wa Garissa, wenye hawakuwahi kuonana, waliona zimwi likitoka saa moja. Magharibi.

Na Banner hakutafuta balaa. Kwa katuni, bomu ya gama ilikuwa inajaribiwa jangwani, kijana mmoja anaitwa Rick Jones akaingia na gari hadi penye haifai. Banner akakimbia kumwokoa. Alimsukuma kwa handaki, yeye mwenyewe akachomwa na miale. Zimwi lilianzia hapo, kwa mtu alikuwa anaokoa mwenzake.

Miale ya gama yenyewe ni kitu ya ukweli, na sisi watu wa mifugo tunafaa kuijua. Miaka ya tisini huko Unguja, mbung'o walikuwa wanamaliza ng'ombe na ugonjwa wa nagana. Wanasayansi wakafuga mbung'o huko Tanga, wakawapiga madume na miale ya gama hadi wakawa tasa, alafu wakawaachilia kutoka kwa ndege, mamilioni yao. Majike wakapandwa na madume hao, mayai yakakataa kukua. Kufika 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Miale ile ile ya kumharibu Banner kwa katuni, Zanzibar iliokoa ng'ombe. Nguvu inangoja mwenye ataishika.

Aprili 2015

Sai skiza hii, ju ndio sababu naandika.

Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa kabla jua itoke. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Wasee wa rika yetu, wenye walikuwa wanakula anjera na chai mahali tunakula. Hiyo kitu iliingia mji ka kisu na bado iko ndani.

Kukaja kafyu: Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kutoka saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Serikali ilikuwa inajaribu kulinda watu, naelewa. Lakini fikiria uko na miaka kumi na saba, umelia na mji wako, alafu jua ikizama ukionekana nje wewe ndio unaogopwa. Ilikuwa ni masaa ya Qori Ismaris. Mchana kijana, usiku fisi, na fimbo imeshikwa na mtu mwingine.

Mwezi huo huo Avengers: Age of Ultron ilizinduliwa huko Los Angeles. Niliicheki baadaye kwa simu, na kuna mahali nilisimamisha. Hulk amechezewa akili na uchawi, amebomoa mji mzima wa Afrika, Johannesburg. Hasira ikishuka kidogo, anaangalia watu na anaona venye wanamwangalia. Uoga. Mark Ruffalo, mwenye ni Banner kwa muvi za Avengers, anabadilisha ile sura ya zimwi hadi inakuwa sura ya mtoto amekosea. Mwisho wa muvi anapanda ndege anaishia peke yake. Hajafukuzwa na mtu. Amechoka tu kuwa kitu ya kuogopwa.

Hiyo macho naijua. Siku moja basi yetu ya kuenda Nairobi ilisimamishwa kwa kizuizi. Wenye tulifanana tukaambiwa tushuke na vitambulisho. Wengine wakabaki kwa viti. Askari aliangalia kadi yangu, akaniangalia, akairudia tena ka imeandikwa uongo. Moyo ulipanda, nikakumbuka ile saa ya Norton. Nilikuwa nahesabu: 160, 180. Mzee mmoja nyuma yangu akaniwekea mkono kwa bega. Hakusema kitu. Nikapumua.

Hasira iko na historia

Watu hutuambia tuwache hasira ka ni ugonjwa tulichukua kwa maji. Iko na tarehe. Hali ya hatari ilitangazwa huku mwishoni mwa 1963, mwaka wa uhuru, na sheria zake zikaondolewa 1991. Katikati yake kuna Wagalla, Februari 1984, wanaume wa Wajir walikusanywa kwa uwanja wa ndege bila maji na wakauawa. Kuna wazee bado wanaishi wenye walikuwa hapo. Na kuna kupigwa msasa ndio upate kitambulisho, wewe, buda yako na guka yako, hadi Februari 2025 wakati Rais Ruto akiwa Wajir alitia sahihi kumaliza huo msasa wa ziada.

Ndio maana nampenda Banner wa Ruffalo. Kwa The Avengers ya 2012, wenzake wanataka kujua siri yake ya kutulia. Anawaambia siri ni kwamba hasira haijawahi kutoka. Iko saa zote. Amejifunza kutembea nayo. Na kufika Avengers: Endgame, 2019, ameunganisha wote wawili: mwili wa Hulk, akili ya Banner. Anakula kwa mkahawa, watoto wanaomba kupigwa naye picha. Ule mwenye aliogopwa Johannesburg, leo watoto wanamkimbilia.

Hakufika hapo peke yake. Kwa Age of Ultron, mwenzake Natasha ndiye alikuwa anamrudisha. Anamnyooshea mkono polepole, anamkumbusha jua inazama, anamgusa kiganja hadi zimwi linalala. Huo mkono ndio fimbo yake.

Sai nakuuliza, abaayo, aboowe: fimbo yako ni gani? Kuna beshte yangu yake ni boli, jioni kiwanjani hadi vumbi iingie meno. Mwingine ni kuandika mashairi ya Kisomali kwa simu. Tulifunzwa madrasa venye Mtume (SAW) alielekeza: hasira ikikupata umesimama, keti, ikikataa kutoka, lala. Nimejaribu. Inafanya, ju ni ngumu kurusha ngumi ukiwa umelala chini. Mimi yangu ni mbogi ya shaah, kikombe kimejaa maziwa ya ngamia, na mtu mmoja wa kuambia ukweli: leo nimewaka, na sababu ni hii.

Ayeeyo alifariki bila kucheki muvi hata moja. Lakini stori yake ndio ilinifunza kuziangalia. Hakuwahi kutuambia Qori Ismaris aache kuwa na usiku. Alituambia achunge fimbo. Kuna siku utageuka, ju dunia itakusukuma hadi pale. Chunga tu kenye kitakurudisha, ndio adhana ya alfajiri ikilia ukapiga hodi, hooyo akifungua mlango aone mtoto wake.