Katibu Arudipo kutoka Chuoni: Faida ya Kozi ya Ubunifu wa Biashara

Katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, kifungu cha mafunzo katika makisio huzusha maswali makali. Mwanachama husimama na kuuliza: "Katibu alikwenda Moshi, amerudi na cheti. Kahawa yangu imepata nini?" Swali hilo ni la haki. Fedha za mafunzo ni jasho la mkulima, naye anastahili kujua zimezaa nini. Yafaa basi ielezwe kozi ya ubunifu wa biashara humjenga vipi mtu aliyeisoma, na chama kifanye nini ili faida hiyo isiishie kwake peke yake.

Elimu ni msingi wa ushirika

Waanzilishi 28 wa duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, walianza kazi mwaka 1844. Miaka michache baadaye walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Hawakuwa matajiri, walitambua kwamba chama cha watu wasiojifunza hutawaliwa na wajanja wachache. Hata leo, elimu, mafunzo na habari ni msingi wa tano kati ya misingi saba ya ushirika duniani.

Hapa Tanzania, Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Zamani makatibu walikwenda huko kujifunza zaidi utunzaji wa vitabu na sheria za ushirika. Masomo hayo yangali ya lazima, lakini hayatoshi tena. Katibu anayejua kuandika leja vizuri, lakini hajiulizi kwa nini kahawa ya wanachama haifiki ghalani, anaandika kwa mwandiko safi habari za chama kinachodhoofika.

Ubunifu ni nini?

Wengi wakisikia neno ubunifu hufikiri mitambo na kompyuta. Vyombo hivyo vina kazi yake, lakini ubunifu wa biashara ni kuona haja ya watu na kuitimiza kwa njia iliyo bora kuliko ile ya jana, bila kuingia hasara.

Jambo hilo si geni Buhaya. Tangu kabla ya kuja kwa wakoloni, wazee walichemsha buni mbichi pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kupata amwani, kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni hukaribishwa nayo. Huo ulikuwa usindikaji kamili: zao lilelile, matumizi mapya, thamani kubwa zaidi. Katika siku zetu, kiwanda cha TANICA mjini Bukoba hutengeneza kahawa inayoyeyuka katika maji moto, iitwayo Africafe. KCU ilinunua hisa za kiwanda hicho, ikitumia pia sehemu ya nyongeza ya bei itokanayo na soko la Biashara ya Haki. Fedha ambazo zingegawanywa na kwisha ziligeuzwa kuwa mali ya wakulima.

Mtu hubadilika vipi?

Kwanza, hujifunza kuuliza kabla ya kujibu. Katibu wa namna ya zamani huona kahawa imepungua ghalani akalaumu wanachama kwa kukosa uaminifu. Aliyefundika huuliza: ni nani hawakuleta, tangu lini, na walihitaji nini ambacho chama hakikuwapa?

Pili, hujifunza kuhesabu gharama yote. Mama auzaye ndizi Rwamishenye, pale barabara itokayo Muleba inapoingia Manispaa ya Bukoba, anajua kila jioni mkungu ulimgharimu kiasi gani, usafiri ulikula nini, na kilichobaki ni faida au hasara. Vipo vyama ambavyo hungoja mkaguzi mwishoni mwa mwaka ndipo vijue hali yao. Chuo humpa katibu, kwa maandishi na utaratibu, tabia ileile ya mama huyo.

Tatu, hujifunza kujaribu kwa kiasi kidogo. Kahawa ya maganda ikianikwa juu ya udongo mtupu hushika vumbi na ukungu, na mnunuzi huipunguzia bei. Badala ya kushawishi chama kikope fedha nyingi za vichanja, katibu huyu huomba wanachama kumi waanike juu ya vichanja kwa msimu mmoja. Hupima unyevu, huandika gharama za miti na wavu, kisha hulinganisha na kahawa ya wengine. Jaribio likishindwa, hasara ni ndogo. Likifaulu, mkutano mkuu huonyeshwa hesabu.

Nne, hujifunza unyenyekevu wa kazi. Darasani hukaa na makatibu wa korosho kutoka Mtwara na wa pamba kutoka Shinyanga, akatambua kwamba matatizo aliyodhani ni ya kwao tu yako kila mahali, na kwamba wengine wameyapatia dawa.

Mfano wa butura

Hakuna jambo linaloonyesha haja ya elimu hii kuliko butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini. Mwezi Januari mkulima anadaiwa mahitaji ya shule, au ana mgonjwa nyumbani. Mlanguzi humpa fedha, na wakati wa mavuno huja kuchukua magunia.

Tuchukue mfano. Mkulima amepewa shilingi 60,000 kwa gunia ambalo mwezi Juni lingeuzwa shilingi 120,000. Kwa miezi mitano amelipa riba ya shilingi 60,000, yaani sawa na deni lenyewe. Kama angekopa kiasi hicho kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, riba yote ingekuwa shilingi 6,000. Angeuza gunia lake, akalipa shilingi 66,000, na kubaki na shilingi 54,000 mkononi.

Kwa muda mrefu butura imepigwa marufuku na kukemewa mikutanoni, wala haijakoma, kwa sababu amri haimlipii mtoto mahitaji ya shule. Mtu aliyefundishwa ubunifu huona kwamba mlanguzi anauza bidhaa moja tu: fedha za mwezi Januari. Chama kikitaka kumshinda, hakina budi kuwapatia wanachama bidhaa hiyo kwa bei nafuu, kwa mfano kwa kuwahimiza waweke akiba SACCOS wakati wa mauzo na wakope huko wakati wa shida.

Hapa tahadhari inahitajika. Chama cha mazao si benki. Fedha za malipo ya kahawa hazikopeshwi mtu, na SACCOS huendesha shughuli zake kwa leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ubunifu unaoruka sheria na masharti ya chama ni njia ya mkato kuelekea mahakamani.

Wajibu wa chama

Elimu ya mtu mmoja ni kama mbegu mkononi. Isipopata shamba huoza. Kwa hiyo bodi hazina budi kuzingatia mambo haya:

1. Kabla ya safari, katibu apewe tatizo moja la chama, kwa maandishi, akalitafutie njia huko chuoni.

2. Ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, atoe taarifa mbele ya bodi, na baadaye mbele ya wanachama, kwa lugha wanayoielewa.

3. Apewe nafasi ya kufanya jaribio moja dogo, lenye bajeti na tarehe ya kupimwa.

4. Asisome peke yake kila mwaka. Wajumbe wa bodi, vijana na akina mama nao wapelekwe. Katibu akihama, elimu ibaki chamani.

Lipo neno pia kwa aliyesoma. Cheti si cheo. Anayerudi akawadharau wazee waliolima kahawa tangu ujana wao hakujifunza lolote, kwani wao ndio wanaojua shamba, na yeye ameletewa tu kipimo cha kulipimia.

Basi mwanachama asiache kuuliza, "Kahawa yangu imepata nini?" Aliulize mwaka huu, na mwaka ujao aliulize tena. Katibu aliyefundika sawasawa hataudhika na swali hilo. Atafungua daftari na kulijibu kwa hesabu.