Ndizi zenye madoa zisitupwe, zafaa kwa kinywaji cha chokoleti

WAUZAJI wa ndizi katika masoko ya Kangemi na Muthurwa jijini Nairobi huhesabu hasara maganda yanapoingia madoa meusi, kwani wateja huzikwepa. Hata hivyo, hizo ndizo bora kwa kinywaji kizito cha ndizi na chokoleti, kwa kuwa wanga wake umekwisha kugeuka sukari.

Menya ndizi mbili, zikate vipande na uzigandishe kwenye friji usiku kucha. Kisha zisage kwa blenda pamoja na kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa, na kijiko kikubwa cha unga wa kakao.

Ndizi zilizoganda huleta uzito bila barafu, ambayo huyeyuka na kukizimua kinywaji. Sukari haihitajiki. Kinywewe papo hapo.