Lori Lililo Nyuma ya Babu

Zipo nyumba nyingi katika mji wa Babati, na katika vijiji vya Bonga, Galapo na Magugu, ambamo picha ya zamani imetunzwa ndani ya sanduku au kati ya kurasa za kitabu. Kijana amesimama wima, amevaa kofia ya askari, na nyuma yake lipo lori. Wazee wasema, "Huyu ni babu, alipokuwa Burma." Yawezekana ni kweli. Lakini wajukuu wakiuliza ni mwaka gani na kikosi gani, hapana ajibuye, kwa kuwa mwenyewe amekwisha fariki, na karatasi zake zimeliwa na mchwa. Watu wapatao 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini katika vita vya 1939 hadi 1945, na wengi wao hawakuacha maandishi yoyote. Basi picha ndiyo shahidi aliyebaki. Uso wa babu hauwezi kutaja tarehe, lori laweza.

Yafaa kwanza kuuliza: ni vita vipi? Babati imeona vita viwili. Aprili 1916 majeshi ya Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, yaliteremka kutoka Arusha, yakapita Ufiome, yakaingia Kondoa Irangi huku mvua za masika zikinyesha. Motokaa za siku zile hazifanani hata kidogo na za vita vya pili. Ford ndogo ilikuwa na magurudumu membamba marefu yenye spoki za mbao, na malori mengi makubwa yalikuwa na mipira migumu isiyotiwa pumzi. Ukiona spoki za mbao, huyo si babu wa Burma. Labda ni baba yake.

Ikiwa magurudumu ni ya chuma na mipira ni minene, tazama usukani uko upande gani. Magari ya Waingereza, na yale yaliyotengenezwa Kanada kwa ajili yao, kwa kawaida yana usukani mkono wa kulia. Ya Wamarekani yana usukani mkono wa kushoto. Hapa tunaonya jambo moja: mpiga picha huweza kuisafisha picha kinyume, hata kulia kukawa kushoto. Kabla hujakata shauri, tafuta herufi au namba yoyote pichani, uone kama yasomeka sawasawa. Vifungo vya koti pia husaidia, kwani koti la kiume hufungwa upande wa kushoto juu ya ule wa kulia.

Sasa tuangalie sura ya lori lenyewe, nasi tutakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo penye faida kubwa. Kanada ilitengeneza magari ya jeshi zaidi ya 800,000 katika vita vile, na karibu nusu yake yalikuwa ya mfano mmoja, uliotengenezwa na Ford na Chevrolet pamoja. Pua yake ni fupi mno, kana kwamba gari limegonga ukuta, na mbele ya rejeta pana wavu wa chuma. Malori makubwa ya mfano huu yaliyoendeshwa kwa magurudumu yote manne yalikuwa na mpira mmoja mnene kila upande wa nyuma, ambapo lori la biashara huwa na miwili miwili.

Tena mfano huo ulibadilishwa. Katika magari ya kwanza kioo cha mbele kimesimama kama cha gari lolote. Katika yale yaliyoanza kutoka mwisho wa mwaka 1941, kioo kimeinamia mbele: ukingo wa juu umetangulia, ukingo wa chini umerudi ndani, kama paji la uso lililotokeza juu ya macho. Kilifanywa hivyo ili mwanga wa jua urudishwe chini, rubani wa adui asiuone ukimeta.

Angalia basi jinsi kioo hicho kinavyosema. Addis Ababa ilitwaliwa Aprili 1941, na Gondar ikaanguka Novemba mwaka ule ule. Ikiwa jamaa wasema picha ilipigwa Uhabeshi wakati wa kupigana na Waitaliani, na lori la pichani lina kioo kilichoinama, masimulizi na picha havipatani. Picha ni ya baadaye: labda ya Bukini, yaani Madagaska, ambako askari wa Afrika Mashariki walishuka Septemba 1942; labda ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka; labda ya Burma; au labda ya kambini hapa hapa nyumbani. Hii haina maana kwamba babu hakufika Uhabeshi. Maana yake ni kwamba picha hii siyo ushahidi wa safari hiyo.

Bedford, gari la Waingereza, laweza kujulikana kwa boneti pana iliyo bapa. Ila aina moja, iliyotoka tangu 1941, haina pua, dereva ameketi karibu juu ya injini. GMC ya Marekani ina pua ndefu, na zile za magurudumu kumi zilikuwa nyingi sana upande wa India na Burma.

Baada ya sura, chukua kioo cha kukuzia utafute rangi nyeupe. Waingereza waliandika namba ubavuni mwa boneti: L mbele ya namba ni lori kubwa, Z ni gari dogo la mizigo. Herufi U ni ya jeshi la Afrika Kusini. Herufi hiyo yatuhusu sana watu wa Babati, kwa maana mwaka 1940 misafara ya magari ya Afrika Kusini ilitoka Broken Hill, ndiyo Kabwe ya leo, ikapanda kwa Barabara Kuu ya Kaskazini kwenda Nairobi, ikipita Dodoma, Kondoa na hapa Babati. Mtoto wa Babati angeweza kupigwa picha kando ya lori la vita pasipo kuwa askari kamwe.

Alama iliyo bora kuliko zote ni kichwa cha kifaru, juu ya madigadi ya lori au begani pa askari. Hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokusanyika Ceylon mwaka 1943, ikapigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope ya mvua kubwa, na kuvuka mto Chindwin penye Kalewa mwezi wa Desemba. Mwenye picha yenye kifaru aweza kusema "Burma" bila ya kusita sana.

Kuna mtego mmoja umebaki. Vita vilipokwisha, malori mengi ya jeshi yaliuzwa. Mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947, ulitumia magari ya namna hiyo, na wafanya biashara nao waliyanunua. Lori laweza kuwa la vita, na picha ikawa ya miaka ya amani. Kwa hiyo tazama kama limepakwa rangi mpya, kama kibao cha namba ni cha kiraia, na kama ubavuni pameandikwa jina la duka.

Ukimaliza, igeuze picha. Muhuri wa studio waweza kutaja mji. Kisha andika kwa penseli laini, si kwa wino, mistari miwili iliyotengana: mmoja wa yale yaonekanayo pichani, na wa pili wa yale asemayo mzee, pamoja na jina lake na siku aliyoyasema.