Majonzi ya Kufiwa na Faraja ya Ziwa, Miamba na Miti

Majonzi ya kufiwa si ugonjwa. Ni hali inayomfika kila binadamu aliyependa, nayo hugusa mwili na akili kwa pamoja: usingizi hukatika, chakula hakipiti, kifua huwa kizito, mawazo hutawanyika. Jijini Mwanza, kama kwingine Tanzania, dawa ya kwanza ya hali hiyo ni watu. Majirani hujaa nyumbani kwa mfiwa, turubai hufungwa, rambirambi hukusanywa, na ndugu hulala msibani hadi matanga yanapoanuliwa. Kisha kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake. Upweke wenyewe huanza hapo, na hapo ndipo ziwa, miamba na miti vinapoweza kumsaidia mfiwa.

Mwaka 1999, Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya mambo mawili. Kuna wakati huukabili msiba wake kwa kulia na kumkumbuka marehemu. Kuna wakati huuweka kando na kushughulikia maisha yanayoendelea. Vyote viwili vinahitajika. Kwa hiyo anayepumzika kutoka kwenye huzuni kwa saa moja hajamsaliti marehemu wake. Pumziko hilo ni sehemu ya kupona.

Mazingira ya asili hutoa pumziko hilo kwa namna ya pekee. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walifafanua mwaka 1989 kwamba mawimbi, majani na mawingu huvuta macho bila kuichosha akili. Anayetazama mnandi akipiga mbizi, au taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, hadaiwi jibu wala uamuzi wowote. Mapema zaidi, mwaka 1984, Roger Ulrich alionyesha kuwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi pale dirisha lao lilipotazama miti kuliko lilipotazama ukuta. Wagonjwa hao hawakuwa wafiwa, lakini matokeo hayo yanadokeza kwamba mwili unaoumia hunufaika na kijani kilicho mbele yake.

Mwanza imejaliwa mahali pa namna hiyo. Miamba ya matale iliyotapakaa vilimani na ziwani ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, na mingi hukaliwa bure na yeyote anayetaka kutazama jua likizama. Kisiwa cha Saanane, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, na wakazi wake ni swala, pimbi na mijusi ya rangi. Kisiwa hicho kimebeba jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964.

Hata hivyo, ziwa hilihili limewaachia wengi kilio. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya abiria walikufa. Wengi wao wamezikwa katika makaburi ya Igoma, jijini Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Kwa aliyefiwa hivyo, sauti ya maji yaweza kuwa jeraha. Asilazimishwe kwenda ufukweni. Kilima, shamba au kivuli cha mwembe vinatosha. Anayetamani kulirudia ziwa aanze kwa mbali, asubuhi kukiwa shwari, akiwa na mtu anayemwamini.

Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, Wahaya kwa desturi huzika wapendwa wao kibanjani, katikati ya migomba. Anayepalilia au kukata ndizi hupita kando ya kaburi, na kumbukumbu hukaa ndani ya kazi ya kila siku. Asiye na kibanja anaweza kupanda mti wa kumbukumbu mwanzoni mwa mvua za vuli, mwezi Oktoba au Novemba. Mche unaohitaji maji humpa mfiwa sababu ya kuamka kitandani. Mjane Mwislamu anayekaa nyumbani katika eda ya miezi minne na siku kumi anaweza kutunza mboga na maua uani mwake.

Si lazima muda uwe mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu wapatao 20,000 nchini Uingereza, ulionyesha kuwa waliokuwa katika mazingira ya asili kwa angalau dakika 120 kwa wiki walieleza kuwa na afya na ustawi zaidi. Dakika hizo zaweza kugawanywa. Lililo muhimu ni kukaa nje kwa utulivu, na kutoingia majini ovyo, kwani ziwa lina kichocho na sehemu nyingine zina mamba.

Faraja hiyo ina mipaka. Shirika la Afya Duniani linaitambua huzuni inayozidi miezi 6, ikapita kiasi cha desturi za jamii na kumzuia mtu kuishi maisha yake, kuwa tatizo linalohitaji tiba. Aliyefikia hapo, au anayewaza kujiua, asiachwe peke yake, hasa karibu na maji. Apelekwe haraka kwa wataalamu wa afya ya akili, kama walio Hospitali ya Bugando jijini Mwanza.

Kwa wafiwa wengine, wajibu wa jirani usiishie kwenye matanga. Mwezi mmoja baada ya maziko, abishe tena hodi kwa mfiwa, amwambie watoke wakatembee, na amwache aamue kama ataongea au atanyamaza.