MTO WETU UNA AFYA GANI? KAYE MOJA NA CHUPA MOJA VINAWEZA KUTUJULISHA

Mara hii ukurasa huu hautasema juu ya kofia wala viatu vya kazi. Tutasema juu ya mto.

Ukifika kwenye dispanseri na mtoto anayeharisha, munganga anakuuliza: Alikula nini? Alikunywa maji gani? Wengi wanajibu, «maji ya mtoni, kama siku zote.» Lakini mto si kitu cha siku zote. Leo uko hivi, kesho uko vingine. Juu yako kuna ng'ombe wa Masisi wanaokunywa na kuacha mavi humo. Kuna watu waliokimbia vita na kujenga vibanda ukingoni bila choo. Kuna wanaoosha koltani na kasiteriti, na udongo wote unateremka. Kijito cha mlimani kinaingia katika mto Oso, Oso unaingia katika Lowa, Lowa unapita Walikale na kwenda kumwaga maji katika Lualaba. Anayeharibu maji huku juu hamuoni anayeyanywa kule chini.

Sasa nani ataangalia mto? Munganga ni mmoja na vijito ni vingi. Katika nchi nyingi watu wa kawaida wameanza kufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Magharibi mwa Kenya, katika bonde la mto Sondu, mwaka 2016 na 2017 walisimamisha vibao vyenye namba ndani ya mito. Mpita njia alisoma namba, akaituma kwa simu yake. Zaidi ya watu 100 walifanya hivyo, bila mshahara. Uganda, karibu na Ziwa Albert, kuanzia mwaka 2020 wanakijiji waliojitolea walihesabu konokono wanaobeba bilharzia mahali ambapo watu huteka maji na kuoga. Kwetu Kongo tunao tayari wale wa kujitolea wa afya, «relè», wanaopita nyumba kwa nyumba kusema juu ya chanjo na vyandarua. Kuangalia mto si kazi ya mbali na ile.

Vyombo ni vichache: kaye, biki, chupa nyeupe ya plastiki inayoonyesha ndani, rula ya mtoto wa shule na kipande cha gazeti.

Chagua mahali pawili. Pa kwanza ni juu ya pale wanapooshea mawe, pa pili ni chini yake. Usibadilishe mahali hapo. Nenda siku ile ile ya juma na saa ile ile, kwa maana mto wa asubuhi si mto wa saa tisa, wakati waoshaji wamekwisha kufanya kazi siku nzima. Jaza chupa, uiweke juu ya gazeti, uangalie kwa mdomo wa chupa mpaka chini. Je, unasoma herufi kubwa? Andika ndiyo au hapana. Kisha uache chupa itulie saa moja, upime kwa rula tope lililokaa chini. Andika pia kama mvua ilinyesha usiku, maana baada ya mvua kila mto wa milima yetu ni mwekundu, na usije ukamlaumu mtu kwa kosa la wingu.

Kwa nini tunahangaika na tope? Kwa sababu ya klore. Wengi mnadhani mkitia klore ndani ya bidoni mmemaliza. Klore inaua vidudu, ndiyo, lakini inashikwa na uchafu wowote inaoukuta. Maji yakiwa na tope nyingi, klore inajimaliza juu ya tope na kidudu cha kolera kinabaki kizima. Mama ametia dawa, moyo umetulia, na mtoto anakunywa ugonjwa. Kolera haingoji: tangu masaa machache hadi siku 5 baada ya kunywa, mtu anaanza kuharisha maji kama ya mchele, na asiponyweshwa maji ya chumvi na sukari upesi na kupelekwa kwa munganga, anaweza kufa siku ile ile. Kwa hiyo maji ya tope kwanza yaache yatulie, yamimine polepole, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nyingi, ndipo utie klore. Yakiwa bado na ukungu, tia kipimo mara mbili. Ngoja nusu saa. Udongo laini wa koltani ni mkaidi, unaweza kuelea siku nzima bila kushuka. Kama unaona hivyo kwenye chupa yako, tafuta chemchemi nyingine ya kunywa, na mto uuachie kazi ya kufua.

Chupa inakuonyesha mto wa leo. Ukitaka kujua mto wa juma lililopita na mwezi uliopita, waulize wadudu. Hapo wengine wanacheka, lakini jambo ni la kweli. Geuza mawe pole pole ndani ya maji ya magoti. Chini yake kuna wadudu wanaokaa humo miezi mingi kabla ya kuota mabawa. Hawawezi kukimbia. Maji yakichafuka wanakufa, na walio wagumu wanabaki. Afrika Kusini wametengeneza kipimo kwa ajili ya watu wa kawaida, jina lake miniSASS, chenye vikundi 13 vya wadudu na namba ya kila kikundi. Mdudu mwenye mikia miwili na kucha mbili kwenye kila mguu, anayeshikilia mawe katika maji ya kasi, ana namba 17, kwa kuwa hawezi kuvumilia uchafu. Yule anayejijengea kinyumba cha mchanga au vijiti ana 9. Kaa ana 6, mtoto wa kereng'ende ana 6. Konokono ana 4. Minyoo, ruba na mabuu ya inzi wana 2 tu.

Unajumlisha namba, unagawanya kwa hesabu ya vikundi ulivyoviona. Tuseme juu ya pa kuoshea umepata yule wa 17, mwenye kinyumba, kaa na mtoto wa kereng'ende: ni 38, gawa kwa 4, unapata 9 na nusu. Chini umepata minyoo, ruba, mabuu na konokono: ni 10, gawa kwa 4, unapata 2 na nusu. Hapo huhitaji profesa. Kati ya mahali hapo pawili kuna kitu kinachoua mto. Namba hizi zilifanywa kwa mito ya Afrika Kusini (Tanzania wamefanya kipimo chao wenyewe), kwa hiyo kwetu zifae kulinganisha juu na chini, na mwezi huu na mwezi ujao.

Lakini sikiliza vizuri. Wadudu wazuri si ruhusa ya kunywa. Kaa hajali kolera. Mto unaweza kuwa na wadudu wote 13 na bado choo kimoja huko juu kikaleta kifo. Tena maji ya kasi na masafi ndiyo yanayopendwa na inzi mweusi mdogo anayeleta upofu wa mto. Dawa ya Mektizani inapogawanywa, kunywa, hata kama kijito chenu kinang'aa.

Kwa mavi kuna chupa nyingine, iliyobuniwa India mwaka 1982. Ndani yake kuna karatasi yenye dawa. Ukitia maji yenye vidudu vya mavi na kuyaweka pa joto, baada ya siku moja au mbili yanakuwa meusi na kunuka kama yai bovu. Masisi kuna baridi, hivyo iwekwe karibu na jiko, la sivyo itachelewa na kuwadanganya. Tena isifunguliwe jikoni. Irudishwe dispanseri, tuiue kwa klore kabla ya kuitupa.

Na zebaki ya wale wanaotafuta dhahabu? Hiyo chupa haiioni, gazeti haliioni, klore haiiondoi, na kuchemsha maji nako hakusaidii. Inaingia katika samaki, na kutoka samaki katika mama mwenye mimba. Huko Minamata, Japani, ugonjwa huo ulijulikana mwaka 1956, na watoto walizaliwa na viungo vilivyopotoka. Mtu wa kujitolea anachoweza ni kuandika: hapa wanatumia zebaki, tangu tarehe fulani. Kisha kazi ni ya laboratware.

Nimeulizwa swali hili: «Na kama kaye inaonyesha kwamba tope linatoka kwetu, kwenye kompani?» Andika hivyo hivyo. Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai mwenye haki ya kuchimba awe na mpango wa kulinda mazingira. Kaye yenye tarehe inasema vizuri kuliko kelele mbele ya ofisi, na inamlinda pia mchimbaji wa mikono asibebeshwe tope lisilo lake. Andika ulichokiona, usiandike ulichosikia. Nakala moja ibaki kwa shefu wa kijiji, nyingine ije dispanseri. Sisi tutaiweka kando ya rejista ya wagonjwa, tuone kama siku za tope na siku za kuharisha zinafuatana.

Mwende wawili wawili. Mto ukiwa umejaa msiingie, andikeni tu «umejaa» na kurudi nyumbani. Watoto wabaki ukingoni, kazi yao iwe kuandika. Maji yaliyotulia yenye konokono, ingia na buti au usiingie kabisa. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Kaye za kwanza ziko dispanseri. Anayetaka aje asubuhi ya Jumamosi, na chupa yake.